Alinisindikiza polisi: uchambuzi wa kisa cha mwalimu aliyebeti hela ya kikoba cha mkewe

Kisa hiki nimekishughulikia mwenyewe, kama mnasihi, kwa miezi kumi na minne. Wahusika wote wawili wameridhia kisimuliwe. Mkoa sitautaja, herufi ya mtoto si yake, na baadhi ya tarakimu nimezisogeza ili mtu asiwatambue. Nakiandika kwa ajili ya wanasihi wenzangu, maofisa ustawi wa jamii, viongozi wa dini na wajumbe wa mabaraza ya ndoa, kwa sababu kesi za kubeti zinatufikia kila wiki na wengi wetu bado tunazitibu kama ugomvi wa kawaida wa mume na mke.

Usuli

Baba J ana miaka 39, mwalimu wa sekondari. Mama J ana 35, anauza juisi, mtindi na maji baridi karibu na stendi. Wana watoto watatu, mkubwa, J, ni mvulana wa miaka 14. Mtaani walihesabika kama watu waliojipanga: nyumba ya vyumba vitatu waliyoijenga wenyewe, pikipiki, hawagombani kwa sauti.

Mama J alikuwa mweka hazina wa kikoba, kikundi cha kuweka akiba, cha wanawake 22. Zamani hela zao zilikaa kwenye kasha lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mwanachama wake. Kikundi cha jirani kilipovunjiwa usiku, akina mama wakaona bora hela zikae kwenye laini ya simu yenye jina la mweka hazina. Kufuli tatu zikawa namba ya siri moja, na namba hiyo ilikuwa mwaka aliozaliwa J.

Kubeti kulianza chumba cha walimu, mkeka (orodha ya timu unazobetia kwa pamoja) wa shilingi 500 siku ya Ijumaa, watu wakitaniana. Hakuna aliyeona ubaya, na kisheria hapa Tanzania ni halali kwa aliyetimiza miaka 18. Halafu Jumamosi moja timu kumi na moja zikatiki zote. Akapata 1,270,000. Akamnunulia mkewe friji la biashara, akamwambia ni malimbikizo ya mshahara yametoka. Nikimsikiliza mraibu wa kamari huwa namuuliza kwanza siku aliyoshinda, kwa sababu hapo ndipo anapokaa kichwani mwake miaka yote inayofuata. Baba J aliisimulia ile Jumamosi kwa dakika ishirini, na majina ya wafungaji.

Baada ya hapo mechi za wikiendi hazikumtosha. Akaingia kwenye ligi za kompyuta zinazochezwa kila dakika chache, kisha kile kindege kinachopaa na wewe unatakiwa utoe hela kabla hakijapotea. Akakopa benki kwa dhamana ya mshahara, akakopa SACCOS, chama cha akiba na mikopo, na mwisho akaangukia kwa wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali, wale tunaowaita kausha damu. Mmoja alichukua kadi yake ya benki na namba ya siri, akawa anatoa mwenyewe kila mwisho wa mwezi na kumrudishia chenji.

Yaliyotokea

Mwezi wa Novemba, wiki mbili kabla kikoba hakijavunjwa wanachama wagawane, Mama J aliangalia salio. Lilitakiwa kuwa 2,386,000. Simu ikamwonyesha 41,300. Alidhani ni mtandao. Akazima simu, akawasha, akaangalia tena.

Baba J alimwambia ni matapeli, wale wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, siku hizi wana mbinu mpya. Akamwambia waende polisi. Wakaenda wote wawili. Akakaa naye kwenye benchi, akamshika mkono, akamkumbusha tarehe alipokuwa anaandikisha maelezo, wakapewa RB, namba ya taarifa yao kwenye kitabu cha polisi. Njiani wakirudi akamnunulia soda.

Siku tatu baadaye Mama J alichukua taarifa ya miamala kwenye ofisi ya kampuni ya simu. Hela zilitoka kidogo kidogo kwa siku tisa, zote kwenda namba moja. Namba hiyo hakuijua, lakini jina lililotokea lilikuwa la mumewe.

Ukoo ukaitwa. Mshenga akaja, wazee wa pande zote wakaja. Baba J akapiga goti, akalia, akasema ni hizo tu hela za kikoba na deni moja la benki. Wazee wakamwambia Mama J kwamba mtu mzima akipiga goti hadharani amekwisha, asamehe yaishe. Akasema amesamehe. Ndugu wakachanga 900,000, friji likauzwa 650,000, kilichobaki akakitoa kwenye mtaji wake. Kikoba kikalipwa mwishoni mwa Januari, kwa kuchelewa, na wanawake wale wakamvua uweka hazina. Hawakumtukana. Waliacha tu kununua mtindi kwake.

Mwezi Machi akakutana na kausha damu mlangoni, anadai 1,400,000. Hili halikuwa limetajwa kwenye kikao cha ukoo. Mama J akachukua mtoto mdogo, akaenda kwa dada yake, na wiki iliyofuata akapeleka shauri baraza la usuluhishi wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri la talaka lipitie kwanza baraza hilo, na baraza likishindwa kuwapatanisha ndipo linatoa hati ya kwenda nayo mahakamani. Mwenyekiti wa baraza, mama mmoja mwenye busara, aliona hapa kuna kitu zaidi ya ugomvi. Badala ya kuwaita kikao cha pili akawaleta kwangu.

Maamuzi tuliyofanya, na sababu zake

Nilianza kwa kuwaona mmoja mmoja, vikao viwili kila mtu. Kuna maswali mawili ambayo hayaulizwi mwenzi akiwa amekaa pembeni. Mama J nilimuuliza kama amewahi kupigwa au kutishiwa. Akasema hapana, na namna alivyolijibu nilimwamini. Baba J nilimuuliza moja kwa moja kama amewahi kuwaza kujiua. Akanyamaza, kisha akasema ana chupa ya dawa ya kunyunyizia mahindi, ameihamisha sehemu mara tatu. Siku hiyohiyo nilimpeleka hospitali, kitengo cha afya ya akili, na kaka yake akaenda kuichukua ile chupa. Daktari alimkuta na sonona, akaanza dawa. Mraibu wa kamari hanuki pombe wala hayumbi, kwa hiyo tunasahau kwamba deni lililofichwa linaweza kumuua mtu kabla hata ndoa haijavunjika.

Hospitali ilisaidia kwa njia nyingine pia. Shirika la Afya Duniani linaitambua kamari iliyopitiliza kuwa ugonjwa, na mwongozo wake wa sasa wa magonjwa, ulioanza kutumika mwaka 2022, unaiweka kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Baba J aliposikia hivyo aliona kuna njia ya kutokea. Mama J alikasirika: “Kwa hiyo sasa ni mgonjwa, mimi nimpe pole?” Nilimwambia ugonjwa unaeleza kwa nini hakuweza kuacha. Ile safari ya polisi hauielezi. Tangu hapo tulitenganisha mambo hayo mawili, uraibu una tiba yake na usaliti una kazi yake, na yakianza kuchanganyika kikaoni mmoja wao alikuwa anasema “tumeshachanganya” tukarudi nyuma.

Uamuzi wa pili ulinigombanisha na mshenga. Niliomba neno “nisamehe” lisitamkwe kwa wiki sita, na Mama J asiulizwe na mtu yeyote kama amesamehe. Mshenga aliona nazuia kheri. Lakini Mama J alishasamehe mara moja, mbele ya watu kumi na tano, kwa orodha ya makosa ambayo haikuwa kamili. Msamaha ule ulikuwa wa hela za kikoba na deni moja la benki. Kausha damu alipobisha hodi, alijiona amedanganywa hadi kwenye msamaha wenyewe.

Kwa hiyo cha tatu kikawa daftari. Baba J alipewa wiki tatu aandike kila deni, kila laini, kila uongo unaohusu hela, na alete ushahidi wa kila mstari. Sikutaka kukiri kwa mdomo. Kukiri kwa mdomo huja kwa matone: leo hili, wiki ijayo lile, na kila tone linamrudisha mwenzi siku ya kwanza. Nilimwonya kwamba kitakachogundulika baada ya siku ya daftari kitahesabiwa kuwa usaliti mpya.

Kikao cha daftari kilichukua saa mbili na nusu. Tulianza kwa kumwambia apige *106# kwenye simu yake, aangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake kwenye mitandao yote, kisha ampe Mama J simu asome mwenyewe. Laini zilikuwa nne. Mama J alizijua mbili. Halafu madeni: benki 5,200,000, SACCOS 2,100,000, kausha damu wa kwanza 1,400,000, wa pili 800,000, walimu wenzake saba, jumla 1,310,000, mikopo ya kwenye simu 260,000, na 340,000 ambazo zilikuwa mchango wa wanafunzi wa mahafali, alizokabidhiwa azitunze. Jumla 11,410,000. Mama J alikuwa anajua 6,600,000.

Alisikiliza madeni yote bila kubadilika uso. Kilichomvunja ni mstari mmoja kwenye ukurasa wa uongo: friji. “Kumbe hata friji,” alisema. Alikuwa amelisifia kwa kila mteja, kwamba mume wangu huyu, mshahara wake wa kwanza wa malimbikizo. Tulisimama robo saa nzima. Nilitaka kusema kitu cha kumfariji, nashukuru sikusema.

Mpango wa madeni nitaupitia haraka. Tulianza na 340,000 za wanafunzi, maana hapo ajira ilikuwa hatarini na hela ni ya watoto. Pikipiki ikauzwa 1,500,000. Wale kausha damu wawili hawakuwa na leseni, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaitaka biashara hiyo iwe na leseni. Msaidizi wa kisheria alipowaeleza hivyo kwa upole, kadi ya benki ilirudi na 500,000 ya riba ikafutwa. Mama J naye alielezwa kwamba nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa yake, hata kama jina kwenye karatasi ni la mume. Hilo hakuwa analijua. Alilala siku hiyo, alivyoniambia, kama mtu aliyefunga mlango kwa ndani.

Kosa langu

Baada ya daftari nilifanya kile ambacho wengi tungefanya. Nilimkabidhi mke kila kitu: mshahara, simu ya mume, namba za siri, ruhusa ya kupekua saa yoyote. Nilidhani namrudishia nguvu.

Wiki nne tu zikatosha. Mama J, ambaye bado alikuwa kwa dada yake, alikuwa anapiga simu mara kumi na mbili kwa siku. Presha ikapanda. Alikuwa anaamka saa tisa za usiku kusoma miamala ambayo alishaisoma. Baba J alikuwa anaomba shilingi 1,000 ya chai kama mtoto, akiwa na aibu na hasira ambazo alishindwa kuzisema kwa sababu aliona hana haki ya kuzisema. Wiki ya tisa baada ya daftari aliazima simu ya mwalimu mwenzake, akabeti 15,000, zikaliwa zote.

Hapo kilituokoa kipengele kimoja tulichokubaliana mapema: akiteleza, aseme mwenyewe ndani ya saa 24. Alisema jioni ileile. Mama J alinipigia akilia, ila akaniambia kitu nilichokiandika: “Amesema kabla sijajua. Hii ni mara ya kwanza.” Mteleko ule ungeweza kufunga kesi. Badala yake, ulimpa ushahidi wake wa kwanza wa ukweli tangu Novemba.

Nikabadilisha utaratibu. Ulinzi wa hela ulihamia kwa dada mkubwa wa Baba J. Najua, wifi kupewa funguo za ndoa ya kaka yake ni jambo la kuchekesha kwenye nyumba nyingi, na Mama J alicheka kweli niliposema. Lakini huyu alikuwa karani mstaafu, mkavu, hana maneno, na wakati wa kikao cha ukoo ndiye pekee aliyeuliza, “Ni hizo tu?” Kila Jumamosi Baba J anampelekea taarifa ya benki na ya laini zote. Laini mbili za ziada zilifungwa, na akaunti za kubeti akazifunga mwenyewe mbele yake. Mama J anapata ukurasa mmoja kwa mwezi, ulioandikwa na wifi yake. Akitaka zaidi anaomba, lakini si kazi yake tena kulinda.

Siku ya kikoba

Hela ya kikoba ilishalipwa, lakini jina la Mama J halikulipwa. Wapo walioamini walikula wote wawili. Mwezi wa nne wa ushauri nasaha nilimuuliza angetaka nini kama angeomba kitu kimoja. Sikutegemea jibu lake. “Aende akawaambie yeye mwenyewe. Wanawake wale wote. Na huko polisi akaseme.”

Tulimshirikisha kwanza msaidizi wa kisheria, kwa sababu kutoa taarifa za uongo polisi ni kosa na sikutaka kumsukuma mtu kwenye jambo ambalo halijui uzito wake. Baba J alielezwa, akapewa wiki ya kufikiri, akasema atakwenda. Huko polisi alirekebisha maelezo. Alionywa vikali, jalada likafungwa.

Jumapili ile chini ya mwembe alisimama mbele ya wanawake 22. Hakupiga goti, tulikubaliana asipige. Alisema: nilichukua mimi, kwa namba ya siri niliyoijua, mke wangu hakujua, nikampeleka polisi akaandikishe uongo wangu. Mwenyekiti wa kikoba akamuuliza swali moja tu, siku ile kwenye benchi ulikuwa unawaza nini. Baba J akafungua mdomo, akafunga. Akasema, “Nilikuwa nawaza mechi ya saa nne usiku.”

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha mama mmoja mzee akasogeza kigoda, si kwa Baba J, kwa Mama J, akamwambia kaa.

Matokeo

Baada ya miezi kumi na minne, madeni yote madogo yamelipwa: wanafunzi, walimu, kausha damu wote wawili, mikopo ya simu. Limebaki la benki 3,500,000 na la SACCOS 1,300,000. Baba J amebeti mara mbili katika kipindi hicho, mara zote alisema mwenyewe siku hiyohiyo, na ya mwisho ina miezi saba. Anaendelea na kliniki. Likizo anafundisha twisheni, na hela hiyo inalipwa kwa wifi moja kwa moja.

Mama J alirudi nyumbani mwezi wa tano wa ushauri nasaha, kwa masharti aliyoyaandika kwa mkono wake. Kwa miezi mitatu alilala chumba cha watoto. Laini yake ina namba ya siri ambayo haina uhusiano na mtoto yeyote. Shauri la barazani hakuendelea nalo, lakini amekataa kusema limekwisha. Wanawake wamemrudisha kwenye kikoba kama mwanachama. Uweka hazina alipewa tena, akaukataa. Neno “nimesamehe” hajalisema mara ya pili, na Baba J ameacha kulisubiri.

Tathmini

Daftari lilifanya kazi kwa sababu lilikuwa moja na la mara moja. Kama ningeruhusu akiri kidogo kidogo kwa kadiri anavyopata ujasiri, nina hakika Mama J angerudi barazani kabla ya wiki ya tano. Lilikuwa na gharama yake: presha yake ilianza kupanda tangu siku ile, na nilitakiwa nimpe kikao chake peke yake kesho yake, si baada ya siku sita kama nilivyofanya.

Kikao cha ukoo sikilaumu. Bila ule mchango, kikoba kisingelipwa. Wazee walijua kuchangisha na kutuliza, na hayo waliyafanya vizuri. Walichokosea ni kufunga hesabu kabla ya kuisoma. Siku hizi wazee wakiniita mapema naomba waniachie msamaha uwe wa mwisho, wao waanze na madeni.

Kumfanya mke polisi wa mumewe lilikuwa kosa langu, na nimewaona wanasihi wengine wakilifanya kwa nia njema ileile. Linamchosha aliyeumizwa, na mraibu anapata mtu wa kumkwepa badala ya jambo la kulibeba. Mtu wa tatu si lazima awe wifi. Awe mtu asiye na deni la mapenzi na yeyote kati yao, na ajue kusoma taarifa ya benki.

Kuhusu siku ya kikoba, sijui kama ningethubutu kuipendekeza mimi. Ilitoka kwa Mama J. Nilikuwa nimejikita chumbani na kwenye akaunti, yeye alikuwa anaumia sokoni.

Na lipo nililoliacha. J, mvulana wa miaka 14, tulimwingiza kwenye mazungumzo mwezi wa kumi na moja wa ushauri nasaha tu, baada ya mwalimu wake kumkuta na karatasi ya mikeka, wanawekeana shilingi 200 na wenzake. Nilipokaa naye aliniambia baba yake ndiye aliyekuwa anamwomba achague timu, tangu akiwa darasa la tano, kwa sababu ana bahati. Mwaka wake wa kuzaliwa ulikuwa namba ya siri, na anajua. Aliniuliza kama zile 2,386,000 ziliibiwa kwa ajili yake. Nimeshakaa naye vikao vitatu, viwili kati ya hivyo na baba yake, na cha nne kipo Jumamosi hii.